Uji wa Saimi

Katika nyumba yetu, mtu pekee ambaye hajawahi kumeza dawa ya akili ni mimi. Si kidonge kizima, si nusu, si hata unga wake. Mama alimeza vya kumtoa majonzi baba alipofariki. Babu Aukusti alimeza vya usingizi mpaka akawa anakoroma huku bado anaongea. Dada yangu Saimi alimeza vya kunyamazisha sauti. Hata Turre, mbwa wetu, hupewa chake cha kumtuliza siku ya mwaka mpya, maana fataki zikianza anataka kuingia ndani ya jiko la kuni. Mimi, Isto, akili yangu bado ni ile ile ya kiwandani. Hakuna fundi aliyewahi kufungua boneti.

Maneno hayo nimeyasema shuleni, nimeyasema saunani kwenye mvuke, nimeyasema hata mbele ya daktari. Tuire, daktari wa Saimi, ni mwanamke mrefu ambaye akivua viatu mlangoni utakuta soksi ya kushoto haifanani na ya kulia. Aliniangalia akacheka.

"Wanaojisifu hivyo," akasema, "ndio tunaowatandikia kitanda mapema."

"Nitandikie karibu na dirisha," nikamjibu.

Saimi ni mkubwa kwangu. Alikuwa anasomea upimaji wa ardhi kule mjini Oulu, mtu wa kushinda porini na chombo chake cha miguu mitatu, mpaka sauti zikaanza kumpimia yeye maisha. Alilazwa, akapewa dawa, sauti zikanyamaza. Tatizo ni kwamba Saimi naye alinyamaza. Akawa anakaa mezani kama mtu aliyefunikwa blanketi zito lililolowa maji. Ukimtania leo, jibu linakuja keshokutwa. Siku moja akazimwaga dawa zote chooni kwa mkupuo, bila kumwambia mtu. Haukupita muda mama akamkuta katikati ya mto, juu ya barafu, amevaa soksi tu, anabishana na nchi ya Uswidi iliyoko ng'ambo ya mto.

Tangu hapo nyumba ikawa na vyama viwili.

"Dawa zilinitoa barafuni, nashukuru," Saimi alikuwa akisema. "Lakini mtu akikuokoa usizame, si lazima aendelee kukushika shati mpaka uzeeni."

"Asiyejua kuogelea ashikwe tu," mama alikuwa akimjibu. Mama yangu, Marjut, ana mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe tangu utotoni na maneno yake yana nguvu ile ile.

Tuire alikataa kujiandikisha chama chochote. Alisema wapo wanaozihitaji dawa maisha yao yote na wanaishi vizuri, na wapo wanaoweza kuziacha, na hakuna kipimo cha damu cha kukuambia yupi ni yupi. Njia ni kupunguza polepole, na watu wakutane, waangaliane machoni. Basi wakapunguza, chembe kwa chembe, mpaka kufikia mwisho wa kiangazi Saimi akawa hamezi kitu. Pakiti zilizobaki zikafungiwa kwenye kabati juu ya friji, kwa dharura. Ufunguo akakaa nao mama.

Na Saimi akarudi. Sijui niseme vipi. Ni kama mtu aliyekuwa safarini ambaye siku moja unamkuta jikoni anapika mayai. Alinimwagia ndoo ya maji baridi nilipokuwa natoka saunani. Alifungua tena vitabu vyake vya ramani. Nikamuuliza kuhusu sauti.

"Zipo siku moja moja," akasema. "Lakini siku hizi zinabisha hodi."

Akapata na chumba kule Oulu, cha kuhamia baada ya Krismasi. Kilichobaki ni mkutano wa kukubaliana kama kweli aende, na kama aende hivyo hivyo bila dawa.

Huku kwetu kwenye bonde la mto Tornio mikutano hiyo haifanyiki ofisini. Daktari na muuguzi wanakuja kwako, wanavua viatu, wanakaa jikoni, na nyote mliomo ndani mnakaa nao. Hakuna kumsengenya mgonjwa akiwa chumba cha pili. Wakitaka kujadiliana wao kwa wao, wanageukiana pale pale na kuzungumza juu yenu mkiwa mnasikia, na nyinyi mnanyamaza, kama mtu anayehudhuria kikao cha mahari yake mwenyewe. Mara ya kwanza nilidhani wamechanganyikiwa. Baadaye nikazoea, nikawa ndiye mchekeshaji wa kikao.

Sasa niwaambie kuhusu uji.

Mama hupika uji wa puolukka, yale matunda madogo mekundu ya msituni yanayokukunja uso. Anauchemsha na semolina na sukari, anaupiga kwa kipigio cha mayai mpaka unavimba na kuwa mwepesi kama povu la waridi, kisha anaupakua kwenye mabakuli na kuyapanga kwenye baraza yetu ya vioo, ambako ni baridi, upoe. Kila mtu na bakuli lake. La Saimi ni la njano. Tangu majani yalipoanza kuwa mekundu, nikaona upendeleo wa wazi: bakuli la njano likawa linawekwa krimu ya mlima na sukari ya kumwaga juu, wakati langu limekaa kama la mfungwa. Mtoto akiugua ndiye mtoto wa dhahabu. Sisi wazima tulambe bati. Basi nikawa nafanya haki kwa mkono wangu. Saimi akienda kumtembeza Turre, mimi naingia barazani, nakula wake, namimina wangu ndani ya bakuli la njano, nausawazisha vizuri, natoka. Saimi hakupungukiwa na kitu. Shahidi pekee alikuwa babu, anayeshinda pale na kiko chake, na babu macho yalishajaa ukungu. Hospitali walimsafisha jicho moja msimu ule ule, lakini kila nikipita bado alikuwa akiuliza, "Nani huyo?" kwa hiyo niliendelea kumhesabu pamoja na viti.

Ule uji ulikuwa na uchungu kidogo kwa ndani. Nikadhani ni matunda ya mwaka huu.

Na mwaka huo mambo yangu yalianza kwenda kombo. Nilikuwa nalala kama gogo, naamka kama gogo. Njaa ilinishika ambayo sijawahi kuiona. Nikimaliza kula ndipo naona njaa vizuri. Suruali zikagoma kufunga. Utani wangu ukapungua kasi: mtu ananitupia neno, namwangalia, jibu linanijia ameshaondoka. Siku moja narudi kutoka shule, naendesha gari la mama, macho yakafunga yenyewe, na nilipoyafungua pua ya gari ilikuwa imezama kwenye lundo la theluji kando ya barabara. Nilimwambia mama kwamba ni paa alinikatia njia. Sikumwambia mtu ninachokiogopa. Nilikuwa nikijifungia bafuni, najitazama kwenye kioo, natega sikio. Nilikuwa nasubiri sauti. Nilijua imefika zamu yangu.

Siku ya mkutano Tuire alikuja na Jarkko, muuguzi, jitu lenye ndevu na sauti ya kubembeleza. Ilikuwa mchana, ingawa nje giza lilishaanza kushusha mizigo yake. Mama akamimina kahawa, akakatia vipande vya jibini ndani, kama tunavyoinywa huku. Babu alikaa kwenye benchi la karibu na jiko, Turre miguuni pake.

"Isto, umenawiri," Jarkko akaniambia, akinitazama tumboni.

"Ni akili," nikasema. "Imekuwa nyingi, imeanza kushuka chini."

Wakacheka. Tuire akaweka kikombe mezani. "Haya, leo tuanzie wapi?"

"Tuanzie Oulu," Saimi akasema. Alikuwa amesuka nywele na amevaa sweta lake jipya. "Chumba nimepata. Mwenye chumba anataka jibu leo. Nataka kwenda, na nataka kwenda hivi nilivyo."

"Marjut?" Tuire akamgeukia mama.

Mama alikuwa anapangusa meza iliyokuwa safi. "Aende," akasema. "Mimi sijamzuia. Ila aende na dawa zake."

"Mama, jamani." Saimi alikuwa bado anatabasamu. "Sijameza kitu tangu kiangazi. Niangalie. Si unaniona nilivyo?"

"Nakuona," mama akasema. "Nakuona uko hivyo kwa sababu unameza."

Nilidhani ni utani. Nilifungua mdomo nicheke. Kisha nikaona uso wa mama.

"Marjut," Tuire akasema polepole, "rudia tafadhali."

"Kwenye uji." Kitambaa kilikuwa kimetulia mkononi mwake. "Nakisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, naweka kwenye uji wake. Kila jioni, tangu majani yalipoanza kubadilika. Ni kichungu, ndiyo maana naongeza krimu na sukari. Mkitaka kuniita mbaya, niiteni. Lakini mtazameni mtoto. Mnamsifia kila mkutano, amechangamka, amechangamka. Amechangamka kwa dawa, si kwa maongezi yenu."

Nikasikia kuni zinapasuka ndani ya jiko. Kijiko cha Jarkko kilikuwa kimesimama hewani, kahawa inadondoka kutoka kwenye kipande cha jibini tone kwa tone. Tuire alikuwa mweupe kama sahani. Mimi bado nilikuwa nashtuka kwa niaba ya Saimi. Zamu yangu ilikuwa njiani inakuja.

"Umenilisha," Saimi akasema. "Mama. Umenilisha kama panya."

"Nilikutoa kwenye barafu kwa mikono hii!" Mama aliinyanyua ile mikono. "Hawa hawakuwepo. Vidole vyako vya miguu vilikuwa vya bluu. Ningewaambia, wangeniambia haki zake, haki zake. Haki haivai soksi za sufu, mwanangu. Haki haikufuati mtoni."

"Nilikuwa naamka asubuhi," Saimi akasema, kana kwamba hakusikia, "najiambia, leo nimecheka, nimecheka mwenyewe. Sauti zimekuja, nimezungumza nazo, zimeondoka. Mimi mwenyewe." Alikuwa anajitazama mikono kama mikono ya mtu mwingine. "Kumbe si mimi. Kumbe ni uji."

Akachukua simu yake mezani.

"Unamwandikia nani?" Tuire akamuuliza.

"Mwenye chumba. Atafute mtu mwingine."

"Subiri kidogo, Saimi. Nakuomba. Niruhusu niongee na Jarkko kwanza, usikie." Kidole cha Saimi kilisimama juu ya kioo. Tuire akamgeukia Jarkko, kama ilivyo desturi yao, na sisi tukanyamaza kama ilivyo desturi yetu.

"Nimeshtuka mpaka viganja vimepoa," Tuire akasema. "Kumpa mtu mzima dawa bila yeye kujua, hilo halina mlango wa kutokea. Si kisheria, si kibinadamu. Na papo hapo namwona mama aliyekaa na hofu yake peke yake, mezani pamoja nasi, na hatukumwona."

"Mimi naona aibu," Jarkko akasema, akipapasa ndevu. "Nilitamba ofisini. Nilisema, tazameni, huyu ameweza bila dawa. Sasa sijui nilichokuwa nakitazama ni nini. Lazima tuseme ukweli, Tuire. Pengine dawa inamfaa kuliko tulivyodhani. Kidogo tu, lakini inamfaa."

"Pengine," Tuire akasema, kwa sauti ndogo.

Mama akafumba macho, kama mtu aliyeshinda kesi na nyumba ikaungua. Kidole cha Saimi kikaanza kuandika.

Ndipo yangu ikafika. Kwenye uji wake. Kila jioni. Krimu na sukari, kufunika uchungu.

Ule usingizi wa gogo. Ile njaa, ambayo kila ikizidi ndivyo nilivyowahi barazani mapema, ndivyo nilivyokwangua bakuli, ndivyo ilivyozidi. Lile lundo la theluji. Mimi nilikuwa bafuni natega sikio nisikie sauti, kumbe nimejaa dawa ya kuzifukuza mpaka kooni. Mimi, akili ya kiwandani. Na Saimi, yule aliyekuwa mbele yangu anajifuta kwa kidole gumba, neno kwa neno, hajaonja hata chembe. Kila kicheko kilikuwa chake.

Ilibidi niseme. Sasa hivi, kabla hajatuma. Lakini niseme nini? Kwamba nilikuwa namwibia dada mgonjwa krimu? Kwamba mama amemlewesha mwanawe, akampa na ufunguo wa gari, barabara zikiwa barafu tupu? Mama alikuwa amesimama kwa kushika ukingo wa meza. Neno moja tu lingemwangusha. Na ile sifa yangu, niliyoitangaza kijiji kizima? Akili yangu, ambayo siku hizo ilikuwa inafika imechelewa kila mahali, ikaniletea wazo. Nililiona zuri sana.

"Saimi, usitume," nikasema. "Hukuila hiyo dawa. Ni Turre."

Wote wakanitazama. Turre, aliposikia jina lake, akainua sikio moja.

"Turre ndiye alikuwa anakula uji wako. Barazani. Mimi nilimkuta."

"Mara ngapi?" Tuire akauliza haraka.

"Kila jioni."

"Isto, acha." Sauti ya Saimi ilikuwa imechoka. "Si siku ya utani leo. Turre jioni huwa natembea naye. Na nikirudi nakuta bakuli langu limejaa. Nimekula mwenyewe."

"Anakula kabla hamjatoka. Halafu mimi... mimi nakuwekea wangu. Ili usikose."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe unipe mimi uji wako. Kila jioni. Kwa huruma."

"Kwani mimi sina moyo?"

Jarkko alimwangalia mbwa, kisha akaniangalia mimi, kisha akarudi kwa mbwa. Mbwa alikuwa mwembamba, macho makavu, amechangamka kuliko watu wote jikoni. Tuire hakuwa anamtazama Turre kabisa. Alikuwa anaitazama suruali yangu, pale kifungo kilipokuwa kimefunguka.

"Mwongo huyo," babu akasema.

Babu hakuwahi kusema neno kwenye mkutano hata mmoja. Alikuwa anakuja kwa ajili ya joto. Akatoa kiko mdomoni.

"Mbwa wa watu hajaugusa uji. Ni yeye. Anachungulia mlangoni, anaingia kwa ncha za vidole, anachota lile la njano mpaka chini. Analamba kijiko upande huu, anakigeuza, analamba upande wa pili, anakipangusa kwenye soksi. Halafu anamimina wake humo na kuusawazisha kwa kidole."

"Kwa kidole!" Saimi akasema.

"Babu," nikasema, na nilijaribu kucheka, "babu yangu mpenzi, wewe si huoni?"

"Nilikuwa sioni. Tangu wanitoe ukungu naona mpaka sharubu za paka wa jirani. Nilikuwa nakuuliza 'nani huyo' nikungoje useme. Hukusema."

Mama aliweka mkono mdomoni. "Isto," akasema kwa ndani ya vidole. "Na gari. Nilikuwa nakupa gari."

Saimi hakuwa amemsikia. Alikuwa amemgeukia babu na mwili wote, simu imesahaulika mkononi. "Kila jioni, babu? Hakukosa hata moja? Fikiri vizuri."

"Nifikiri nini? Kila jioni. Jana alikula, akatoka, akakaa kidogo, akarudi kukwangua."

Saimi akaiweka simu mezani, kioo chini. Hakulia wala hakucheka. Alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyerudishiwa kitu chake na bado anakipapasa kama ni chenyewe, kisha akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia, hata mbwa. Nikafungua mdomo niwakumbushe kwamba katika nyumba yetu, mtu pekee ambaye hajawahi kumeza...

Babu akanyoosha kiko chake chini, kuelekea mguu wangu. Tukatazama. Pale kwenye soksi, juu kidogo ya kifundo, doa la puolukka lilikuwa bado jekundu.